Maiti Wetu na Vyombo vya Kuwakumbuka

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ama baada ya hayo:

Ndugu Waislamu, mwezi wa Februari 2020 televisheni ya MBC ya Korea Kusini ilimwonyesha mama aliyevishwa miwani ya kompyuta, akinyoosha mikono kumkumbatia binti yake aliyefariki akiwa na miaka 7. Mikono ilishika hewa. Mwaka 2022 kampuni ya Amazon ilionyesha chombo chake cha Alexa kikimsomea mtoto hadithi kwa sauti ya kuigiza ya bibi yake marehemu. Tusidhani hayo yako mbali. Simu zimo mifukoni mwetu humu humu msikitini.

Hatumlaumu mwenye huzuni. Mtume (S.A.W.) alitokwa na machozi alipofiwa na mwanawe Ibrahim. Sisi wenyewe tumehifadhi katika simu sauti ya marehemu baba yetu, akituagiza tumpelekee dawa. Tukawa tunaisikiliza kila usiku, hata siku moja mwenye duka akatujia kwa adabu kutukumbusha deni la marehemu la mchele na sukari. Tuliona haya. Sauti yake tuliitunza, dhima yake tukaisahau. Ilhali tumesoma na tunasomesha kwamba nafsi ya muumini hufungika kwa deni lake mpaka lilipwe.

Kuhifadhi aliyoyasema marehemu kweli, kama wasia au darsa, ni jambo moja. Kukifanya chombo kiseme asiyoyasema ni jambo jingine: huko ni kumzulia mtu asiyeweza tena kukanusha. Tukumbuke pia kaumu ya Nuhu (A.S.). Imepokewa kwa Ibn Abbas (R.A.) kwamba Wadd, Suwaa na wenzao walikuwa watu wema, walipokufa wakawekewa masanamu ya kuwakumbuka, na elimu ilipotoweka masanamu yakaabudiwa.

Basi kabla ya kusambaza picha ya maiti wetu, tujiulize: Deni lake limelipwa? Mirathi imegawiwa? Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba mtu akifa amali zake hukatika isipokuwa kwa matatu: sadaka yenye kuendelea, elimu yenye kunufaisha, na mtoto mwema anayemuombea. Simu yaweza kutukumbusha dua. Kuiomba ni juu yetu.

Allah awarehemu maiti wetu, na atuwezeshe kuwatimizia haki zao. Amin.

Wabillahi tawfiq.