Mahali pa Sanaa Katika Masomo ya Watoto



Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza katika Kenya mwaka 1985, watoto wa shule za msingi walitahiniwa sanaa, ufundi na muziki pamoja na hesabu na lugha. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo hayo yaliondolewa katika mtihani wa mwisho. Katika ratiba yalibaki. Lakini somo lisilotahiniwa lina nguvu gani mbele ya mwalimu anayepimwa kwa alama? Katika shule nyingi kipindi cha muziki kikawa cha hesabu, na ngoma ikawekwa ghalani hata msimu wa mashindano.

Mtaala wa umilisi, ulioanza nchini kote Januari 2019, uliirudishia sanaa heshima yake. Neema hiyo yaweza kupotea tena endapo sanaa itafanywa somo la kupumzikia. Mahali pake hasa ni ndani ya masomo mengine.

Chukueni shairi la tarbia. Aghalabu mshororo mmoja huwa na mizani 16, yaani 8 za ukwapi na 8 za utao, na ubeti huwa na mishororo 4. Mtoto akiulizwa ubeti mzima una mizani ngapi, hana budi kuzidisha, naye atapata 64. Akitunga mwenyewe, na neno likazidi kwa silabi moja, sikio litamwonya kabla ya mwalimu. Hapo amejifunza silabi, vina na hesabu kwa pamoja. Tena mtoto mwenye haya, asiyethubutu kusoma peke yake, huimba ubeti pamoja na wenziwe, na ulimi ukamfunguka.

Kadhalika kiondo. Asukaye kiondo huanzia kitakoni, akiongeza nyuzi kadiri duara linavyopanuka. Asipogawanya hesabu yake vyema, mapambo hayatakutana. Bibi wa kijijini aliyealikwa darasani na mkonge wake aweza kuwa mwalimu mzuri wa kugawanya.

Wazazi wengi walinung'unika kwamba mtaala huu uliwagharimu vifaa, na manung'uniko yao yalikuwa ya haki. Mwalimu amwagizaye mtoto rangi za dukani kwa kazi ambayo mkaa ungeitosha, humwonea mzazi na kuiletea sanaa chuki. Udongo wa mfinyanzi watosha kabisa kuumba Bonde la Ufa na Mlima Kenya juu ya kipande cha ubao.

Wapo pia wasemao kwamba mtoto ametumwa kusoma, si kuimba. Lakini tenzi za pwani zilifundisha dini na tarehe za watu kwa kuimbwa, zamani kabla ya shule za serikali.

Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala huu waliingia Gredi ya 10, ambako sanaa na michezo ni mojawapo ya njia tatu za kuchagua. Atakayeichagua njia hiyo yuko leo katika madarasa ya chini, na mwalimu wake aweza kuanza Jumatatu kwa ubeti mmoja na chaki.