Kuwashirikisha Watumishi wa Imani Tofauti katika Sherehe za Kazini: Suala la Jiko

Mada kwa semina ya maafisa utawala na rasilimali watu, Morogoro

1. Utangulizi

Waandaaji wameniomba nianze na maana ya maneno, nami nitazipitia kwa haraka. Shughuli za kijamii kazini mnazijua: kufunga mwaka, bonanza, futari, Mei Mosi, kumuaga mstaafu. Imani ni dini, madhehebu na mila, na hata kutokuwa na dini. Kushirikishwa ni mtumishi kufika, kula na wenzake, na kurudi nyumbani bila kujiona mgeni.

Sheria nazo mnazijua. Ibara ya 19 ya Katiba ya mwaka 1977 inalinda uhuru wa imani, na Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinakataza ubaguzi, dini ikiwa imetajwa waziwazi. Sijawahi kukutana na afisa anayevipinga vifungu hivi. Tunakokwama ni jikoni, na muda wangu mwingi nitautumia huko.

2. Suala la jiko

Miaka kadhaa iliyopita, katika ofisi niliyokuwa nikifanya kazi, tulifungia mwaka kwenye bustani ya baa. Oda niliisaini mimi: mbuzi wawili, kuku thelathini, kitimoto kilo ishirini, ndizi na kachumbari. Niliamini nimemaliza kila kitu, kwa kuwa mbuzi na kuku walichinjwa na Mwislamu na risiti ya machinjio ilikuwa kwenye faili.

Mchomaji alikuwa na wavu mmoja mrefu na koleo moja. Kuku walikuwa upande huu, kitimoto upande ule, mafuta yakidondoka katikati na kuamsha moto. Dada mmoja wa masjala alisogea na sahani, akasimama akitazama, kisha akauliza, “Kaka, koleo hilohilo ndilo unageuzia zote?” Mchomaji akamjibu kwa upole, “Usiwe na wasiwasi dada yangu, moto unasafisha kila kitu.” Dada akashukuru na kuirudisha sahani. Nilipomfuata nilimkuta amekaa na dereva wetu, Msabato, kati yao pana soda mbili na kisahani cha karanga. “Tumeshiba, bosi,” wakaniambia. Hata ndizi hawakuzigusa, maana nazo zilichomwa palepale.

Mchomaji alisema alichokijua. Lakini kwa madhehebu ya Shafii, yenye wafuasi wengi katika pwani yetu, chombo kilichoguswa na nguruwe huoshwa mara saba, mara moja kati ya hizo kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Moto haumo katika hesabu hiyo. Msabato naye hali nguruwe, wala samaki asiye na magamba, kwa hiyo kambale, pweza na kamba hawamfai. Mhindu asiyekula nyama hawezi kula dengu zilizopakuliwa kwa mwiko uliotoka kwenye mchuzi wa ng'ombe. Mjaini anaepuka hata vitunguu na viazi, kwa kuwa hung'olewa ardhini. Watu hawa wote wanakwazwa na kitu kilekile: chombo kinachozunguka kutoka sufuria hadi sufuria.

Nimeandika madokezo kuhusu jambo hili katika ofisi tatu. Majibu yamekuwa matatu: kuku wapo, asiyetaka alete chakula chake, tusilete udini kazini. La tatu ndilo linaloniumiza zaidi, kwa sababu linamgeuza aliyekaa kimya na karanga zake kuwa mchokozi.

Nafahamu kwa nini viongozi wanasita. Februari 2013, Buseresere mkoani Geita, mgogoro wa nani achinje ulifikia mchungaji kuuawa. Nani angependa mjadala wa nyama uanze ofisini kwake? Hata hivyo, kunyamaza hakujaondoa swali la yule dada. Kumeliacha lijibiwe na mchomaji, mbele ya moto, watu wakiwa wamepanga foleni nyuma yake. Wala sisemi kitimoto kipigwe marufuku. Wanaokila ni watumishi wenzetu na wamechangia.

3. Mchango

Hapo kwenye kuchangia pana uchungu wa pili. Wote walikatwa kiasi kilekile. Mlokole na Mwislamu wakalipia kreti za bia, na dada wa masjala akalipia kilo za kitimoto kilichomnyima hata ndizi. Niwakumbushe kwamba Kifungu cha 28 cha ile Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kinabana makato ya mshahara. Orodha ya majina iliyobandikwa kwenye ubao wa matangazo haiwezi kuitwa ridhaa ya mtumishi.

4. Kalenda

Kwa ufupi tu. Bonanza la Jumamosi linamwacha Msabato nje mwaka mzima, kwani sabato yake inaanza Ijumaa jua linapozama na kwisha Jumamosi jua linapozama. Mwaka 2025 Jumatano ya Majivu iliangukia tarehe 5 Machi, siku chache baada ya Ramadhani kuandama, na bado zipo ofisi zilizopanga chakula cha mchana cha kumuaga mtu wiki hizo. Tena Ramadhani inarudi nyuma takriban siku kumi na moja kila mwaka. Mwaka 2030 inatarajiwa kuandama mara mbili, mwanzoni mwa Januari na mwishoni mwa Desemba, kisha miaka inayofuata itaingia katikati ya msimu wetu wa kufunga mwaka. Kamati zianze kulifikiria hilo sasa.

5. Mapendekezo

Oda ya chakula itamke majiko mawili, nyavu mbili na makoleo mawili, na mzabuni asilipwe kabla afisa hajaviona kwa macho. Kitimoto kichomwe mbali, na mtu wake, kisu chake na ubao wake. Ndizi zichomwe kwenye jiko lisilo na kitimoto.

Kila sufuria iwe na mwiko wake. Narudia, kila sufuria. Chakula kisicho na nyama kipikwe na kupakuliwa kwanza, kabla mikono na vyombo havijachanganyika.

Pombe iondolewe kwenye mfuko wa pamoja, anayeitaka ainunue mwenyewe. Mchango uwe wa hiari, kwa maandishi, na asiyechanga jina lake lisibandikwe popote.

Kamati ya sherehe isiwe ya walewale watatu kila mwaka. Awemo asiyekula nyama, awemo Msabato, awemo dada wa masjala. Waulizwe wiki mbili kabla, faraghani, na wasiulizwe mbele ya moto. Bonanza lizunguke: Jumamosi moja, Jumapili moja, na mara nyingine alasiri ya siku ya kazi.

Na tena, majiko yawe mawili. Nimeambiwa bajeti haitoshi. Jiko la mkaa la kukodi na koleo havifiki bei ya mbuzi mmoja, na mbuzi wa pili siku ile alibaki nusu.

Mwisho nina ombi kwa waandaaji. Nilipita jikoni asubuhi kabla hatujaanza. Kwenye meza ya chakula cha mchana pana sufuria sita na miiko minne. Naomba iongezwe miwili kabla ya saa saba.