Daftari la kilio lisisomwe kwa sauti
Maneno ya vijana katika mazungumzo na wazazi, Shabunda-Centre

Leo hatukuja na tamko. Hakuna barua ya kupelekea administrateur, hakuna sahihi za kukusanya. Mambo ya barabara tumeyasema mara nyingi na tutayasema tena. Leo tunataka tuongee juu yetu wenyewe, vile tunaishi sisi kwa sisi, maana kuna kitu kimetuingia na kila mtu anaona haya kukitaja.

Tuanze na kilio kimoja.

Mwaka jana baba ya rafiki yetu alifariki hapa hapa katikati. Mmoja wetu alisoma na huyo rafiki tangu shule ya msingi. Walikula sahani moja, na kule Bukavu walilala chumba kimoja cha Kadutu miaka mitatu, godoro moja, jiko moja la makala. Lakini ku kilio hakwenda. Siku tatu alijifungia ndani. Usiku alisikia nyimbo, kwa sababu nyumba ya kilio ni ya tano kutoka kwake. Hakuwa mgonjwa. Hakuwa na ugomvi na mtu. Hakuwa na faranga za kuandikisha kwenye daftari, basi, njo ile tu. Na munajua vile tunafanya: jioni ya mwisho mtu anasimama, anasoma majina na kiasi cha kila mmoja. Kwa mwenye dola hamsini wanapiga makofi. Kwa mwenye faranga elfu mbili panakuwa kimya, halafu kicheko kidogo kule nyuma. Na huyu wetu ana lisansi. Mtu wa lisansi akisomwa elfu mbili, kile kicheko kinakuwa kirefu.

Wiki mbili baadaye walikutana ku chemchemi, kila mtu na bidoni yake. Akaanza kujieleza, eti homa, eti safari ya Katchungu. Mwenzake akamwambia: "Acha. Mimi sikuhesabia makuta. Nilihesabia vichwa. Kichwa yako haikukuwa pale."

Tunasema "mmoja wetu", lakini siku tuliyoisimulia habari hii kati yetu, tukagundua kila mtu yuko na kilio chake alichokimbia. Mwingine alikimbia ndoa ya dada yake mdogo. Mwingine hajaenda kumwona mtoto wa kaka yake, na yule mtoto sasa anatembea. Mwingine anapita nyuma ya soko, kwenye matope, juu mbele ya soko anakaa mama aliyemkopesha sabuni. Mama yule hajamuuliza hata siku moja. Anamsalimia tu, na ile salamu njo inamkimbiza.

Hatutaki kusema kwamba kosa ni letu peke yetu. Teritware yetu iko na zaidi ya kilomita za mraba 25.000, karibu nchi nzima ya Rwanda, na kutoka hapa mpaka Bukavu ni zaidi ya kilomita 300 za barabara ambayo kwa sehemu nyingi ni jina tu. Chumvi inapanda ndege. Sukari inapanda ndege. Mafuta ya moto yanapanda ndege. Mtu asiye na makuta anabaki chini, anatazama. Halafu Februari 2025 Bukavu ikachukuliwa na M23, uwanja wa Kavumu ukafungwa, benki za mjini zikafunga. Kuna kati yetu wenye mama, mchumba au mtoto waliobaki upande ule. Wakati reso inakubali, wanaongea dakika tatu, na dakika mbili kati ya hizo ni "unanisikia? unanisikia?"

Sisi tuliozaliwa karibu na mwaka 2000 tulibebwa mgongoni kukimbilia msituni kabla ya kujua kutembea. Wazazi hamukutusimulia yote, na tunaelewa kwa nini. Lakini tunajua jambo moja kuhusu ile miaka, kwa sababu munalisema wenyewe mukikaa jioni: kule msituni hakuna aliyemwambia mwenzake asije kwa kuwa hana kitu. Muhogo mmoja ulikatwa vipande. Watu walijificha risasi, hawakujificha wenzao. Sisi leo tunajificha wenzetu.

Pengine ilianza na zahabu, hatujui vizuri. Tulikuwa wanafunzi bado wakati madragi yaliposhuka kwenye Ulindi, 2014, 2015, kelele ya mota usiku na mchana. Tunakumbuka watu waliogeuka matajiri kwa mwezi mmoja, ndoa za kreti za bia zilizopangwa mpaka kwenye paa, mali iliyotajwa kwa dola na si kwa mbuzi. Zahabu ikaenda zake. Mtaro wa maji ni ule ule. Lakini ile desturi ya kutaja kiasi kwa sauti, ile ya kumpima mtu kwa kile alicholeta, ilibaki hapa pamoja nasi kama mgeni asiyejua saa ya kwenda.

Halafu tukarudi na madiplome. Tuseme ukweli: mama zetu waliuza mafuta ya mawese bidoni kwa bidoni ili tusome. Siku ya kolasioni tulikodi yale majoho meusi kwa saa chache, tukapiga picha, picha ikaja hapa na ndege, ikatundikwa ukutani. Sasa tunakaa chini ya ile picha na hatuna kazi. Dosie za kuomba kazi zimelala kwenye maofisi mengi, hatutataja hata moja. Mama hasemi kitu. Anapanguza vumbi ya picha, anakwenda shamba. Afazali angekemea.

Na mapendo, je? Wadada walio katika kundi letu walituomba tuseme na yao, kwa hiyo hapa "sisi" ni wao wanaongea. Munasema tunapenda dola. Sawa. Mmoja wetu alimngoja kijana miaka minne. Kila mwaka kijana alisema "mwaka kesho nitaleta mali". Mwaka wa tatu akaacha kupiga simu, si kwa kuwa ana mwingine, ila kwa kuwa hakuwa na neno jipya la kusema. Msichana alikuwa tayari kulima naye. Hakuulizwa. Aliolewa na mfanyabiashara wa zahabu mwenye wake wengine wawili, na watu wakasema: muliona? dola. Sisi tunauliza: nani alimwacha nani? Kijana aliyenyamaza kwa haya, ama msichana aliyechoka kuongea na simu iliyokufa? Na nyinyi wajomba na mashangazi munaotaja ile hesabu ya mali, munajua vizuri kwamba kijana wa hapa hawezi kuitoa. Munaitaja hata hivyo.

Wazee wa bwami watusamehe kama tunagusa vitu vyao bila ruhusa. Tulichosikia kwao ni kidogo, lakini kinatosha. Mzungu alipiga bwami marufuku mwaka 1948, na vile vinyago vidogo vya pembe waliovichukua wamevipanga kwenye majumba yao kule Ulaya. Lakini fundisho halikupanda meli. Katika bwami hakuna mtu anayepanda ngazi peke yake: ndugu wanachanga, wajomba wanachanga, na kufika kindi bila mke haiwezekani, kwa maana mke naye anaingizwa kanyamwa. Kwa hiyo Mrega mkubwa kabisa alikuwa mtu aliyesaidiwa na watu wengi kabisa. Sisi tumegeuza: tunataka mtu aje ametimia, ndipo tumpokee.

Tukubali na la kwetu. Hapo nyuma tulianzisha muso, watu kumi na wanne, kila wiki mchango kidogo. Dada mmoja alishindwa wiki tatu. Tulimfuta kwenye orodha, tukaita hiyo nidhamu. Baadaye tukasikia kwamba mtoto wake alikuwa amelazwa. Tulikwenda kumwomba msamaha wawili wawili, kwa zamu, kwa vile kwenda wote pamoja tuliona haya. Alitupa viti. Lakini ku muso hakurudi.

Sasa ombi letu kwa wazazi ni moja tu: daftari la kilio lisisomwe kwa sauti.

Tumeshasikia mzee mmoja hapo mbele anasema, daftari ni la lazima, familia inapaswa kujua nani alileta nini ili nayo ijue kurudisha siku ya msiba wa mwenzake. Ni kweli, mzee. Hatusemi lichomwe. Liandikwe, likae kwa familia, walisome wenyewe mlango ukiwa umefungwa. Na liwe na ukurasa wa pili: nani alichota maji, nani alipasua kuni, nani alichimba kaburi, nani alilala nje na wafiwa usiku wa kwanza. Hayo nayo ni deni, nayo yanarudishwa. Kama lazima tusome kitu kwa sauti, tusome ukurasa ule.

Mukikataa, hatutagombana. Lakini sisi tumeamua kwa upande wetu: kuanzia leo tutaingia ku kilio mikono mitupu kama hatuna kitu, na tutakaa mpaka mwisho, na mwenye kucheka acheke.

Kesho kuna kazi. Munamjua yule mama mjane chini ya uwanja wa ndege, nyumba yake imelala upande mmoja tangu mvua ya juzi. Tunakutana kwake saa kumi na mbili asubuhi. Tuko na majembe mawili na panga tatu. Mwenye jembe lingine alete. Asiye nalo, aje vile vile.