Leseni kwa Hatua: Mazungumzo juu ya Madereva Vijana



Msimu wa kupeleka mazao unapofika, chama chenye gari hutafuta dereva, na mara nyingi anayepatikana ni kijana aliyefaulu mtihani juzijuzi. Leseni anayo, hilo halina ubishi. Linalofaa kuulizwa ni kama amewahi kuendesha usiku, peke yake, huku vijana wenzake wakipiga soga kando yake.

Jambo hili lilitazamwa kwa makini huko New Zealand. Tangu mwaka 1987 nchi hiyo haimpi kijana leseni kamili kwa mkupuo mmoja. Kwanza hujifunza akiwa na msimamizi mwenye leseni kamili. Kisha, baada ya muda na mtihani, huruhusiwa kuendesha peke yake, lakini kwa mipaka: asiendeshe kati ya saa 4 usiku na saa 11 alfajiri bila msimamizi, wala asichukue abiria ila wachache waliotajwa na sheria. Leseni kamili huja baadaye. Mwaka 2011 umri wa kuanza kujifunza ulipandishwa kutoka miaka 15 hadi 16, na dereva aliye chini ya miaka 20 akakatazwa kileo kabisa.

Mipaka hiyo haikuwekwa kwa kuwachukia vijana. Mwanafunzi aliye na msimamizi hupata ajali chache; hatari hupanda ghafula anapoachiwa usukani, na miezi ya kwanza ndiyo mibaya kuliko yote. Macho ya dereva mgeni hukaa karibu na pua ya gari, hali mzoefu hutazama mbali na pembeni. Giza humpunguzia hata hicho kidogo anachokiona.

Wako watakaosema kwamba mafunzo zaidi yangetosha. Norwe ilijaribu: mwaka 1979 iliwalazimisha madereva wapya kuhudhuria kozi ya kuendesha penye utelezi. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba ajali za vijana wa kiume katika utelezi ziliongezeka. Kozi, yaonekana, iliwatia ushujaa kuliko hadhari.

Halmashauri ya chama haitungi sheria za barabara, lakini ndiyo inayoshika ufunguo wa gari. Yaweza kuandika katika kitabu cha mikutano kwamba dereva mpya ataendesha mchana tu kwa miezi sita, dereva mkongwe akiwa kando yake, na kwamba hapana mwanachama atakayepanda juu ya magunia. Katibu na aandike pia tarehe ya leseni, maana bila hiyo ugeni wa dereva haupimiki.