Mazungumzo Baada ya Habari: Handaki la Mkulima wa Malawi

Ndugu wasikilizaji, na hasa ninyi askari wa majeshi ya ulinzi na wa polisi,

Mwezi Machi mwaka 2023, kimbunga Freddy kiliipiga Malawi ya kusini. Huko Blantyre vilima vilivyokwisha vuliwa miti viliporomokea nyumba za watu, na wilayani Phalombe maji yakafagia mahindi mashambani. Watu zaidi ya 600 walipoteza maisha. Tanzania ilipeleka unga, mablanketi, mahema na helikopta za Jeshi la Wananchi. Huo ulikuwa ujirani wa vitendo, na wenzenu walioutekeleza wanastahili heshima.

Lakini tazameni yaliyofuata. Mwezi Machi mwaka 2024, nchi hiyo hiyo ilitangaza hali ya maafa katika wilaya 23 kati ya 28. Safari hii adui hakuwa gharika, bali ukame. Helikopta humwokoa mtu aliyekwama juu ya paa. Haiwezi kuyaokoa mahindi yaliyokwisha kauka.

Askari hodari hachimbi handaki baada ya risasi kuanza kulia. Handaki la mkulima ni matuta yanayokinga mteremko, yakapunguza nguvu za gharika na kuuhifadhi unyevu kwa siku za jua. Ni mbaazi zilizopandwa kati ya mahindi, ambazo hustahimili mvua inapokatika. Ni mti uitwao msangu, unaopukutisha majani wakati wa masika, ukarutubisha udongo bila kuyanyima mahindi mwanga. Wakulima wa Malawi wanayajua hayo, na wengi wameyaanza. Wanachopungukiwa ni mbegu, mabwana shamba, utabiri wa mvua unaofika kabla ya msimu wa kupanda, na fedha.

Fedha hizo si sadaka. Moshi ulioharibu hali ya hewa ya dunia haukutoka katika majiko ya Phalombe. Mwaka 2009 nchi tajiri ziliahidi kuzipatia nchi maskini dola bilioni 100 kila mwaka ifikapo 2020. Mwaka huo ulipita ahadi haijatimizwa.

Ndugu wasikilizaji, Mto Songwe ni mpaka wetu na Malawi, lakini mawingu hayaujui mpaka huo, na njaa haisimami kwenye kizuizi cha polisi. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Kumsaidia mkulima wa jirani kuchimba handaki lake mapema ni sehemu ya ulinzi wetu wenyewe.