Tupime Mafunzo kwa Kazi, si kwa Vyeti

(Hotuba kwa wananchi wa Kongo, Kawangware, na wageni wao kutoka Kibera)



Wazee waliopo hapa wanakumbuka Desemba 1991, Kifungu cha 2A kilipofutwa. Tulidai vyama vingi ili serikali iulizwe maswali. Leo nauliza moja: fedha za umma zinazotumiwa katika miradi na mafunzo zinazaa nini?

Tumezoea kutajiwa idadi: watumishi kadhaa wamehudhuria semina, vijana kadhaa wamepewa vyeti. Lakini wingi wa sufuria jikoni si kipimo cha shibe.

Mwaka 1959 mtaalamu wa Marekani, Donald Kirkpatrick, alianza kueleza ngazi nne za kupima mafunzo. Kwanza, je, waliofunzwa waliridhika? Pili, walijifunza nini? Tatu, je, walibadili mwenendo wao kazini? Nne, kazi yenyewe ilileta matokeo gani? Ripoti ikiishia ngazi ya kwanza, hutupa habari za chai na posho tu. Mwananchi aliye kwenye foleni ya kitambulisho yumo katika ngazi ya nne.

Tazameni Kibera. Mwaka 2014 Huduma ya Vijana kwa Taifa (NYS) iliwaajiri vijana wa mtaa kuchimba mitaro, kujenga vyoo na kufungua barabara. Vijana walipata ujira, na kazi ilionekana kwa macho. Mwaka 2015 ikafichuka kwamba shilingi milioni 791 zilikuwa zimepotea katika idara hiyohiyo. Tujifunze hapa: kuona choo kipya hakutoshi. Ni lazima tuulize pia kiligharimu kiasi gani, nani anakitunza, na kijana aliyekijenga anafanya kazi gani sasa.

Haki ya kuuliza tunayo. Kifungu cha 229 cha Katiba ya 2010 chataka ripoti ya ukaguzi ithibitishe iwapo fedha za umma zilitumiwa kisheria na kwa njia yenye tija. Kifungu cha 35 chatupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya mwaka 2016 yampa afisa siku 21 za kuamua ombi lako.

Basi kila kikundi cha kanisa na kila kamati ya mtaa ichague mradi mmoja. Kabla haujaanza, andikeni hali ilivyo, kwani asiyejua alikotoka hatajua amefika wapi. Rudini baada ya miezi sita. Waulizeni wanaoutumia, si wanaousimamia peke yao. Ombeni hesabu kwa maandishi, na muweke nakala.

Wahenga walisema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Tusidanganywe na mabango na fulana. Tulipigania haki ya kupiga kura. Sasa tupiganie haki ya kupima.