Siku moja kwa miaka 5 haitoshi: historia ya kura zetu Uvira

Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana wa Kasenga, mji wa Uvira

 

Wengi kati yetu hapa tuko na diplome nyumbani, kazi hakuna. Muda wa kusoma tunao! Basi tukakaa chini, tukafuata namna Uvira imepiga kura toka Uhuru mpaka leo. Hatukuja kuwaambia mumchague nani. Tunataka kuonyesha jambo moja: kwetu kura imegeuka kazi ya siku moja, na ndiyo maana haizai matunda.

Tuanze 1960. Mwezi wa tano, mbele ya Uhuru, walipiga kura wanaume peke yao. Mama zetu walibaki nje. Miaka 4 tu, mwezi wa tano 1964, vita ya wakati wa Mulele ikaingia Uvira. Novemba 1965 Mobutu akachukua utawala, na kisha kura ikawa ya chama kimoja, MPR.

Mwaka 1977 wagombea waliruhusiwa kushindana, lakini ndani ya hicho chama kimoja. Halafu ikaja sheria ya uraia ya 1981. Toka pale, badala ya kuuliza mgombea atafanya nini, wakauliza yeye ni nani. Mwaka 1982 wagombea wa Banyamulenge wakakatwa. Mwaka 1987, kule milimani, watu wakavunja masanduku ya kura, maana waliitwa kupiga kura bila haki ya kugombea. Kila mtu ana maoni yake juu ya ile historia. Lakini matunda yake tunakula wote: Mfuliiru, Mvira, Mrundi, Mubembe, Munyamulenge, kila mmoja alijifunza kuhesabu watu wake kabla ya kuhesabu mabomba ya maji.

Tukafika tarehe 30 Julai 2006. Jimbo letu likawa teritwari nzima ya Uvira: mji, Bavira, Bafuliiru na Uwanda wa Ruzizi. Watu walitoka wengi. Katika kura ya rais, nchi nzima, karibu wapiga kura 70 kwa 100 walijitokeza. Mwaka 2011 wakawa 58. Mwaka 2018, 47. Mwaka 2023, 43. Juu ya nini watu wanabaki nyumbani? Wakubwa wanasema vijana hawapendi siasa. Sisi tunasema: angalieni kwanza hesabu hizi zingine.

Katiba inampa depite wa taifa miaka 5. Waliochaguliwa 2011 walikaa 7. Madepite wa jimbo la Kivu Kusini waliochaguliwa Oktoba 2006 walikaa mpaka baada ya uchaguzi wa Desemba 2018. Miaka 12! Mtoto aliyezaliwa ile mwaka alimaliza shule ya msingi, bado wao wako kwenye viti.

Tena kuna wasaidizi wawili ambao kila mgombea anaandikisha pamoja naye. Depite akipewa uwaziri, msaidizi anachukua kiti. Wangapi kati yetu walisoma yale majina mawili siku ya kura? Mara nyingi, hapa nchini, ni bibi ya mgombea ao mtoto wake. Kiti cha wananchi kinakuwa shamba la urithi.

Na iko shimo kubwa zaidi. Aprili 2020, Mulongwe ilipofurika ikabeba watu na manyumba, tulihitaji mtu wa karibu wa kumuuliza: mto utajengewa ukuta lini? Kipindupindu kinarudi kila mara, maji safi iko wapi? Huyo mtu alipaswa kuwa mshauri wa komini. Lakini uchaguzi wa washauri wa komini, Desemba 2023, ulifanyika kwenye komini za miji mikuu ya majimbo. Bukavu walipiga. Uvira hatukupiga. Meya wetu anateuliwa kutoka juu. Kwa hiyo tunamtwika depite, aliye Kinshasa, mizigo yote, kisha tunashangaa haifiki.

Sasa tufanye nini? Tunaomba mambo matatu.

Kwanza, likizo ya bunge. Katiba inasema vikao vya kawaida ni toka 15 Machi mpaka 15 Juni, na 15 Septemba mpaka 15 Desemba. Kwa hiyo karibu nusu ya mwaka depite anaweza kuwa hapa. Tutawaandikia barua wote, wa kabila lolote: njoo Kasenga, useme ulifanya nini juu ya barabara RN5, juu ya maji, juu ya Mulongwe. Bila tisheti, bila sabuni.

Pili, daftari. Kila avenu iandike ahadi, tarehe, na jina la aliyeahidi. Asiyekuja, tuandike hakuja.

Tatu, tudai uchaguzi wa komini ufike Uvira. Hiyo ndiyo kura iliyo karibu na mlango wetu, na hatujawahi kuiona toka 2006.

Hatuna makuta, hatuna silaha, na hatutaki silaha. Tuko na miguu, kalamu na midomo. Siku ya kura ni moja, lakini ile miaka 5 inayobaki nayo ni yetu. Anayetaka kushika daftari ya avenu yake, aje mbele sasa tuandike jina.